Sisimizi Katika Banda la Vifaranga

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, mama mfugaji alikwenda sebuleni kutazama kisanduku kilicho juu ya kabati. Kisanduku kilimwonyesha joto la kila sehemu ya banda lake refu, na kililia joto likizidi. Bandani mlikuwa na vifaranga mia sita wa siku nne tu. Kundi lililopita lilikufa nusu nzima kwa joto, mchana mmoja, mwenyewe yuko jikoni anaosha vyombo hana habari. Alilia kama aliyefiwa. Aliapa kwamba kundi hili nalo likifa, hafugi tena.

Asubuhi hiyo kisanduku kilikuwa kimya.

"Baba watoto! Posta kalala tena!"

Mumewe alikuwa tarishi mstaafu. Alipeleka barua miaka thelathini, na barua hazikumtoka kichwani. Baada ya hasara ile, wiki kadhaa kabla ya vifaranga hawa kufika, yeye ndiye aliyefunga vipima joto kumi na viwili bandani. Vidude hivyo havina waya. Hupeana habari kwa redio, hiki kikimpa mwenzake, mpaka zifike nyumbani. Mzee aliviagiza vyote vipitishe habari kwa kimoja tu, kile cha mlangoni. Akakiandika jina kwa rangi nyekundu: POSTA.

"Barua zote lazima zipite posta," alisema. "Huo ndio utaratibu."

Basi Posta akabeba mzigo wa wote. Betri yake ilikwisha kila wiki. Vingine vilikuwa vizima, lakini habari zao hazikuwa na pa kupita.

Mama alikimbia bandani roho mkononi. Vifaranga walikuwa salama.

"Leo namwita fundi," alisema aliporudi. "Na usinitajie utaratibu!"

Fundi wa redio, binti wa nyumba ya pili, alifika na kompyuta yake. Aliwaamkia, kisha akaomba sukari.

"Ya chai?" mama aliuliza.

"Ya sisimizi, mama."

Aliweka sukari kidogo juu ya meza ya jikoni. Haukupita muda, sisimizi wakapanga mstari kutoka ukutani.

"Mkuu wao yuko wapi?" mzee aliuliza.

"Hawana mkuu, baba. Anayerudi na chakula huacha harufu njiani. Mwenzake akiinusa, huifuata, naye huongeza yake. Njia nzuri hupitiwa sana, harufu ikakolea. Njia iliyoachwa, harufu yake hupotea."

Akapangusa katikati ya mstari kwa kitambaa chenye maji. Sisimizi wakatawanyika, wakahangaika huku na huku. Mara wachache wakazunguka ukingoni mwa meza, wengine wakafuata, na mstari ukarudi.

"Vidude vyangu vina pua?" mzee alidhihaki.

"Havina. Vitatumia alama. Habari ikifika salama, njia yake inaongezewa alama. Betri ikichoka, alama zinapungua, na habari zinahamia njia nyingine zenyewe."

Fundi alivipa vidude kanuni hiyo kwa kompyuta. Viwili alivihamishia ukuta unaotazama nyumba, ili Posta asiwe mlango pekee. Mzee alinuna siku nzima.

Wiki iliyofuata, jua lilikuwa kali. Mzee alikaa barazani akipaka upya jina la Posta. Alikuwa amekibandua kifaa mlangoni, akakitoa na betri, bila kumwambia mtu.

Ghafla kisanduku kikalia sebuleni.

"Kipima cha saba!" mama alipaza sauti. "Joto limepanda!"

"Haiwezekani!" mzee alisema. "Posta ninaye hapa mkononi!"

Mama alikwisha kufika bandani. Vifaranga walikuwa wamekaa midomo wazi, wakihema. Alizima taa za joto, akafungua madirisha yote, akawaongezea maji baridi. Mzee alimfuata mbio, rangi nyekundu mpaka kwenye kiwiko. Baada ya nusu saa vifaranga walikuwa wakilia na kukimbizana. Hakufa hata mmoja.

"Habari zimepita wapi?" mzee aliuliza.

"Zimepita kwa wenzake! Njia zimejaa, baba watoto!" Mama alimkumbatia palepale, akicheka huku machozi yanamtoka.

Mia sita waliingia, mia sita wakakua. Kundi lililofuata waliagiza vifaranga elfu moja. Walipofika, mama aliwapa maji, akatandika mkeka sebuleni, akalala mchana kweupe. Alikoroma saa mbili nzima.