Mafuta kwenye Nyuso za Walinzi

Harufu ilianza Jumanne mchana: udongo mbichi wa kaburi, ndani ya fleti ya ghorofa ya tatu huko Hyattsville, ughaibuni, ambako hapakuwa hata na chungu cha maua.

Benadetha alifungua madirisha bila kuambiwa. Jana yake, Bibi Dolma, mzee wa Kitibeti aliyeajiriwa kumtunza, aliposinzia, Benadetha alikuwa ameipaka mafuta ya upako picha ya kitambaa iliyotundikwa mlangoni. Ilionyesha watu wawili wa mifupa mitupu wakicheza. Aliona mashetani, akakemea, akasugua kwa kidole gumba mpaka nyuso zikafutika. Kisha akaona haya, mtu mzima kuharibu kitu cha watu, akamficha bibi.

"Hao si mashetani," Wamaitha, mhudumu mwenzake, alimnong'oneza wakipokezana zamu, alipoyaona mafuta kwenye nyuso zilizofutika. "Shosho, huyu bibi yetu, aliniambia kitambo. Ni walinzi wa makaburi, wanablock mizimu yenye njaa isiingie. Si ungeniuliza tu?"

"Punguza sauti, atasikia."

"Nani, shosho?"

Benadetha akaonyesha kwa kidole: nyuma ya Wamaitha kitu kilikuwa kinakwaruza ukuta wa korido, taratibu, kikasimama kwenye kila mlango kama mgeni asiyejua chumba chake, kikaendelea, na harufu ikaja nacho, na Wamaitha akaondoka bila kuvaa koti.

Ijumaa Bibi Dolma akamwita mtawa wa dini yake, mzee wa joho jekundu.

"Aliyefuta akiri," alisema. "Kitamshika atakayekiri. Kama kweli ni yeye, nitakitoa. Akidanganya, kitabaki naye, sina uwezo."

Benadetha akafikiria kazi, na akina mama wa maombi anaowaongoza, ambao alishawasimulia ushindi wake juu ya mashetani.

"Ni mimi," akasema Bibi Dolma. "Nilikuwa napangusa vumbi. Mikono hii inatetemeka." Akamtazama Benadetha kwa upole, na upole huo ulimuumiza kuliko kofi.

Mtawa akagonga kengele. Mkwaruzo ukatoka kwenye korido, ukavuka sebule, ukakoma kwenye kiti cha bibi. Blanketi mapajani mwake likabonyea, kama vile mtu ameketi.

"Nasikia baridi," bibi akasema. "Binti yangu, nifunike."

Benadetha akaleta shuka jingine, akamfunika pamoja na hicho alichokipakata, na bado hakukiri.