Teki Isiyo na Mwimbaji

Kilichompata Faiz wa Kibokoni kilimpata mchana kweupe, watu wametoka msikitini adhuhuri wanarudi majumbani kula. Wengi hudhani mambo haya yana saa zake. Hayana.

Faiz alikuwa fundi wa kurekodi. Chumba cha juu kabisa katika nyumba ya bibi yake, Bi Saadia, alikigeuza studio: magodoro kayasimamisha ukutani yameze mwangwi, dirisha kaliziba kwa blanketi. Siku hiyo alikuwa akimrekodi mdogo wake, Shahd, wimbo wa kumtoa bi harusi ndani. Ilikuwa zawadi yao kwa binamu yao Rumana, ambaye harusi yake ilikuwa imewadia. Shahd alikuwa na sauti ambayo ikipanda, hata muuza kahawa kule chini huacha kugonga vikombe vyake.

Mashine ya Faiz ilikuwa na njia nyingi za kurekodia sauti, na kila njia iliweza kuhifadhi uimbaji wa wimbo uleule mara nyingi. Kila uimbaji mmoja waliuita teki. Unaimba, unarudia, na ya kwanza haipotei. Baadaye fundi husikiliza zote akachagua iliyo bora.

Shahd aliimba. Akarudia, kwa kuwa alikohoa. Akarudia tena, kwa kuwa tuktuk ilipiga honi kichochoroni.

"Haya, tusikilize," Faiz akasema, akivaa hedifoni.

Teki ya kwanza ilikuwa safi, ila kikohozi. Katika ya pili, nyuma ya Shahd, kulikuwa na mwanamke mwingine. Mbali, kama anayeimba huku amefunikwa mto usoni.

Faiz alidhani ni jirani. Akalitazama dirisha, limezibwa vilevile. Akafungua teki ya tatu. Mwanamke alikuwa karibu zaidi. Naye hakuwa akimfuata Shahd. Alikuwa akimtangulia. Kila mstari aliuanza yeye, Shahd akaja nyuma yake, kama mtoto anayesomeshwa chuo cha Kurani.

Shahd akaziomba hedifoni. Akasikiliza. Akazivua polepole.

"Kaka," akanong'ona, "mna mtu humu."

"Teremka ukanywe maji. Nitazifuta zote tuanze upya."

Alipobaki peke yake, Faiz akazichagua teki zote. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo.

Chini, gilasi ikavunjika.

"Faiz!" Bi Saadia alipiga ukelele. "Njoo umwone nduguyo! Yuwataka kusema na hawezi!"

Alimkuta Shahd jikoni, mdomo wazi, mishipa ya shingo imemtoka. Pumzi zilipita. Sauti hakuna. Alimtazama kakake, kisha akainua kidole. Juu.

Faiz akapanda ngazi mbilimbili. Mashine ile humruhusu mtu kurudisha alichofuta, maadamu hajaizima. Akarudisha. Teki zikajitokeza kwenye kioo, moja moja. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Na ya nne.

Kutoka chini akasikia, "Alhamdulillahi." Ilikuwa sauti nzito, yenye mkwaruzo, ya mtu mzima.

Akateremka mbio. Shahd alikuwa akijipapasa koo.

"Mbona mwaniangalia hivyo?" akauliza. Midomo yake. Maneno yake. Sauti si yake.

Bi Saadia alikuwa amekaa sakafuni, kajifunika uso kwa mtandio.

"Bibi, ni nini?"

"Hiyo ni sauti ya dada yangu, Amatullah." Bi Saadia alinong'ona kama anayeogopa kusikiwa. "Alitiwa sihiri ikisalia siku moja aolewe. Akanyamaza ghafla, hakusema neno tena hata tukamzika. Mganga alituambia sauti yake imefichwa nyumbani. Tukaitafuta, hatukuiona. Chumba chake kilikuwa hicho cha juu."

"Basi nizifute tena."

"Umwache nduguyo bubu? Thubutu!"

Waliitwa watu wa kusoma. Wakasoma Yasini, wakafukiza ubani, na Shahd akaitikia amina kwa koo la marehemu. Baada ya hapo hakutaka tena kusema mbele za watu. Rumana aliolewa bila wimbo.

Ile teki ya nne, Faiz alichelewa kuifungua. Alipojipa moyo, alisikia vumi tu. Kisha dadake. Dadake mwenyewe, kwa ile sauti yake nyororo, akilia kwa kwikwi.

"Kaka, nitoe. Huku tuko wengi."

Akachomoa waya wa umeme. Akaifunga mashine kwa shuka, akaitia kabatini, akafunga kwa ufunguo. Hakuifuta. Angewezaje?

Lakini ndugu ni ndugu. Asubuhi moja akazidiwa na hamu ya kumsikia, akaitoa, akaiwasha.

Kwenye njia ya mwisho kabisa, ambayo hakuwahi kuitumia, palikuwa na teki mpya. Tarehe yake ilikuwa ya siku hiyohiyo.

Akavaa hedifoni. Akabonyeza.

"Faiz! Faiz, mwanangu!"

Ilikuwa sauti ya Bi Saadia. Wazi, imejaa hofu, kama aliyemwinamia sikioni.

Faiz akazitupa hedifoni, akakimbilia mlangoni.

Bi Saadia alikuwa chini, mwanzo wa ngazi, mdomo wazi, sauti hakuna. Alikuwa akimwita kwa makofi.