Seremala Haambiwi Asante

Bibi yangu Anastasia alikuwa na adabu kupita kiasi. Nasema hivi kwa kumpenda. Ukimpa maji ya kunywa atakushukuru, ukimrudishia kikombe chake mwenyewe atakushukuru tena, na ukimkanyaga mguu sokoni ni yeye atakayekuomba radhi. Alilelewa na masista wa misheni kule kusini, nao kazi yao waliifanya sawasawa. Adabu hiyohiyo ndiyo iliyotaka kumpotezea mtoto wake, na mtoto mwenyewe ni mama yangu.

Hayo yalitokea Keko, vita kuu ya pili ikiwa imekwisha na Waingereza bado wanatawala. Keko ya wakati ule ilikuwa nyumba za udongo na makuti, na nyuma yake mashamba ya mihogo. Bibi na babu Leonardi walipanga chumba kimoja. Babu alikuwa kuli bandarini. Ukuta kwa ukuta aliishi Anselmo, seremala, mtu wa kwao kusini, kapera asiye na maneno mengi. Mchana kutwa ulisikia randa yake ikikwangua mbao. Mama yangu, Margareta, alikuwa mtoto mdogo anayeanza kung'oka meno ya utoto, na alishinda kibarazani kwa Anselmo akicheza na maranda, yale maganda ya mbao yanayojikunja.

Babu alikufa kwa homa, ghafla, na bibi hakuwa na hata sanda. Anselmo hakungoja kuombwa. Aliingia na ufito, akampima marehemu toka kisigino hadi utosini, akaukata palepale, akaenda kazini kwake. Jioni alileta jeneza la mninga, limepigwa msasa hadi linang'aa. Hakutaka chochote. Makaburini aliuvunja ule ufito, akautupia shimoni, kisha akaondoka bila kumuaga mtu.

Ndiyo ilikuwa desturi ya maseremala wa kwao. Aliyechonga jeneza hashukuriwi, haagwi, wala hakaribishwi. Anaondoka kama alivyokuja. Waombolezaji wengine waliijua desturi hiyo, wakainamisha vichwa akapita. Bibi hakuijua, maana alichukuliwa misheni angali mtoto. Yeye aliona tu kwamba mtu amemstiri mume wake na hakuna aliyefungua mdomo. Akaona aibu.

Matanga yalipoanuliwa alipika wali wa nazi na kuku, akafunika kwa kawa, akaupeleka kibarazani kwa Anselmo. Jua lilikuwa la mchana, watoto wanacheza barabarani.

"Kaka Anselmo, mie sina cha kukulipa," alisema. "Lakini umenistiri. Asante sana."

Anselmo hakuipokea sahani. "Dada, rudi na chakula chako. Usiseme neno."

"Nisiseme vipi? Asante, kaka. Na karibu tena kwetu. Karibu siku yoyote!"

Randa ilimdondoka Anselmo mkononi. Ndani ya chumba chake, ambamo hamkuwa na mtu, randa nyingine ikaanza kukwangua.

Walisimama wakaisikiliza. Ilikwangua taratibu, ikanyamaza.

"Mie sitakuja," Anselmo alisema kwa sauti ndogo. "Lakini uliyemkaribisha si mie."

Bibi alirudi nyumbani amekasirika kidogo, nadhani. Wali wako unakataliwa, halafu unatishwa kama mtoto! Alikula na bintiye, akaosha sahani. Kesho yake asubuhi alikuwa anafagia chumbani, akasikia hodi mlangoni. Ilikuwa hodi ya kistaarabu kabisa.

"Karibu," akajibu. Mdomo ulimtangulia akili.

Hakuingia mtu. Ila pazia la mlangoni lilisogea upande, likakaa hivyo muda wa mtu kupita, kisha likarudi. Bibi alishika ufagio kwa mikono miwili. Alitazama uvunguni, nyuma ya mlango, kila pembe. Sakafuni, pale alipokwisha kufagia, palikuwa na ganda moja la mbao ya mninga limejikunja.

Tangu hapo hakutulia. Alipika akitazama nyuma. Alimwita Margareta kila mara, hata akiwa naye karibu. Mtoto akichelewa kuitika, bibi alitoka mbio kumtafuta.

Alasiri moja alimkuta kasimama katikati ya chumba, amejinyoosha, mikono ubavuni, visigino vimegusana.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Mjomba kanipima."

"Mjomba gani?"

"Yule mwenye fimbo. Kaambiwa karibu, ndo kaja. Kasema nisimame wima."

Kitandani palikuwa na ufito mbichi, umekatwa upya, bado unatoa maji. Bibi aliusimamisha kando ya mtoto. Ulianzia kisiginoni, ukaishia utosini.

Alikimbia kwa Anselmo na ufito mkononi na mtoto mgongoni. Anselmo aliutazama, akakaa chini kwenye mbao zake.

"Kipimo kikishakatwa lazima kizikwe," alisema. "Kisipozikwa pamoja na kitu kingine, kitazikwa pamoja na aliyepimwa."

"Na kitu gani?"

"Mgomba. Nitachonga jeneza la kipimo hiki. Tutalaza shina la mgomba, tutalizika leo jua likiwa bado juu. Nisikilize, dada. Utakachokisikia huko, usikijibu. Na nikimaliza, usinishukuru. Unaweza?"

Bibi alisema anaweza. Alikuwa analia.

Margareta aliachwa kwa Mwamvita, mama wa Kizaramo wa nyumba ya tatu. Anselmo alichonga, akakata shina la mgomba kwa kipimo cha ufito, akalifunga shuka, akalilaza ndani. Akauvunja ufito na kuuweka juu yake, akapigilia mfuniko. Kisha wawili hao wakalibeba, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakashika njia ya mashambani.

Lilikuwa jepesi. Walipofika kwenye mihogo, likaanza kuwa zito. Bibi alibadili mkono. Likazidi. Wakalitua, wakapumua, wakalibeba tena. Sasa uzito haukutulia mahali pamoja. Ulikwenda upande wa kichwa. Ukarudi upande wa miguu. Kama mtu anayejigeuza akitafuta pa kulala.

Anselmo alichimba. Bibi alisimama.

Ndani ya jeneza mtu alikohoa.

Bibi alikijua kile kikohozi. Kilikuwa cha Margareta; amekiuguza tangu siku kilipoanza.

"Mama?"

Akauma kanga.

"Mama, kuna giza. Mjomba kanifunika."

Bibi alipiga magoti. Mkono ulikuwa tayari juu ya mfuniko. Anselmo akaushika.

"Mwanao yuko kwa Mwamvita," alinong'ona.

"Una hakika?"

Anselmo hakujibu. Hilo bibi hakulisahau mpaka anazeeka. Hakujibu.

"Mama, mie nimekosa nini?"

Wakaliteremsha. Udongo wa kwanza ulianguka juu ya mbao, na sauti ikaanza kulia. Ukaanguka mwingine. Bibi alifukia kwa mikono yake mwenyewe, haraka haraka, maana kila alipositasita sauti ilisikika vizuri zaidi. Mwishoni ilibaki ndogo. Kisha ikawa upepo kwenye mihogo tu.

Anselmo alifuta jembe kwa majani. Akamtazama bibi, akangoja. Mtu huyu alikuwa amemzikia mume, na sasa alikuwa amemfanyia hili, yote bure. Neno lilimjaa bibi mdomoni. Aliuma ulimi mpaka damu ikatoka. Anselmo akaitikia kwa kichwa, akashika njia yake. Tangu siku ile hawakusalimiana. Majirani walimwita bibi mtovu wa fadhila, naye, mtu wa adabu zake zile, alinyamaza. Anselmo alikuja kuhamia Temeke, hakurudi tena.

Bibi alirudi mbio hadi kwa Mwamvita. Margareta alikuwa amekaa mkekani anakula muhogo wa kuchemsha.

"Alipitiwa na usingizi," Mwamvita alisema. "Nimemtikisa, nimemmwagia maji, wapi! Nikadhani tumeshampoteza. Sasa hivi tu ndo kafumbua macho."

Bibi alimkumbatia. Mtoto alikuwa wa baridi, na nywele zake zilinukia udongo. Lakini alitafuna muhogo wake, akaomba mwingine.

Mama alikua, akaolewa, akatuzaa. Ni mama mzuri, sina la kumlaumu. Ila tangu utoto wangu nilimwona bibi akimtazama anapopika au anaposuka nywele. Alimtazama kama mtu aliyepewa chenji akawa hana hakika kama ni sahihi.

Bibi alipokuwa anakaribia kukata roho alituita sote. Alituaga mmoja mmoja, kwa adabu zake, akamshukuru kila mtu kwa jina. Mwisho akasema anakotaka kuzikwa.

"Mnilaze karibu na Margareta wangu," alisema.

Mama alikuwa amemshika mkono. Hakushtuka. Hakulia.

"Sawa, mama," alisema. "Nitawaonyesha mahali."

Hakuna aliyewahi kumwonyesha lile kaburi la mgomba. Mihogo ilishang'olewa zamani, nyumba zimejengwa, njia zimebadilika zote. Bibi alipokufa, mama alitutangulia bila kuuliza mtu, akapita uchochoro hadi uchochoro, akasimama kwenye kiwanja kitupu nyuma ya ukuta wa mtu.

"Hapa," alisema, akatuonyesha kwa kidole kichwa kilipo, na miguu ilipo.