Vibanio vya Marlys

Majirani zangu, mnakijua kilima cha akina Tollefson. Mnakumbuka ngano ilivyoiva mwaka ule, na Marlys akianika mashuka nyuma ya nyumba kila asubuhi kabla ya kupanda lori. Mumewe, Arvid, alikaa kwenye mashine ya kuvunia. Marlys alipeleka ngano ghalani mjini kwa lori la marehemu baba mkwe wake, kongwe kuliko yeye. Ndivyo tunavyoishi hapa Dakota: mume huvuna, mke huendesha. Basi lolote lililofanywa kwenye lori lile, aliyeweka roho yake rehani ni Marlys.

Lori lilikuwa na pampu ya mafuta ya kizamani, ile inayoendeshwa na injini yenyewe. Injini ikizima, pampu nayo imesimama. Ubaya wake ni joto. Mwezi wa nane petroli hugeuka mvuke ndani ya bomba, na lori linakufa kwenye foleni. Dawa ya wazee wetu ni vibanio vya nguo, vile vya mti: unavibana kwenye bomba ili kupunguza joto. Kama vinasaidia kweli, Mungu ajua. Marlys alibana vyake, na mara nyingi alifika.

Siku moja Arvid alikwenda naye mjini, wakafungua boneti mbele ya wanaume wa meza ya kahawa pale ghalani. Mnawajua.

"Arvid! Mkeo kaanika nini humo, chupi zako?" alipaza sauti Orville, jirani yao.

"Mwache bwana," akadakia mwingine. "Hilo si lori la ngano, ni la dobi."

Arvid alicheka nao, lakini yalimchoma. Wiki ile ile akanunua pampu ya umeme.

Sisemi pampu ya umeme ni mbaya. Ikifungwa sawasawa, joto haliisumbui sana. Ila haijui kama injini inazunguka au imekufa. Yenyewe inasukuma tu. Ndiyo maana hufungwa pamoja na swichi ndogo inayoikatia umeme presha ya oili ikishuka, yaani injini inaposimama. Arvid aliifunga, tena vizuri. Bahati mbaya injini yenyewe ilikuwa imechoka. Ikiunguruma polepole kwenye foleni, presha ilishuka, swichi ikakata, lori likazima mbele ya meza ile ile.

"Dobi kavuta umeme, na bado nguo hazikauki!" alisema Orville. Watu wakavunjika mbavu.

Arvid akaingia chini ya lori, akaing'oa swichi, akaunganisha waya moja kwa moja na ufunguo.

"Umeitoa ile ya usalama?" Marlys alimuuliza.

"Inanizimia gari."

"Basi rudisha pampu ya baba. Vibanio ninavyo."

"Vibanio, vibanio! Unataka nichekwe mpaka lini?"

"Si wacheke! Kwani wao ndio wanaoendesha?"

"Nitairudisha mavuno yakiisha, mke wangu. Vumilia kidogo."

Marlys akanyamaza. Nakasirika mpaka leo nikiukumbuka ukimya ule, maana ndiyo adabu tuliyofundishwa sote hapa.

Mchana mmoja, karibu na daraja, tairi la mbele likapasuka na lori lililojaa ngano likalala ubavu mtaroni. Injini ikazima papo hapo. Mimi nilikuwa nyuma yake na lori letu. Nilimkuta mzima, anaongea, mguu umebanwa chini ya usukani.

"Nipo, Inger. Ni mguu tu. Mwite Arvid."

Palikuwa kimya, isipokuwa mvumo mwembamba kama wa nyuki. Nilidhani ni masikio yangu. Kumbe ni pampu: bomba limekatika, injini imekufa, nayo bado inamwaga petroli. Marlys aliijua kabla yangu.

"Ufunguo! Siufikii! Zima, Inger, zima!"

Nilijipenyeza dirishani. Ncha za vidole ziligusa ufunguo. Waya wa betri ukatoa cheche, na moto ukanitangulia. Mkono wangu huu mnauona.

Arvid alikuja mbio kutoka shambani. Tulimshika watu wanne.

Baada ya maziko, tukinywa kahawa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, Orville alimwendea akilia. "Arvid, laiti ningejua..."

"Wewe ulicheka tu," Arvid alimjibu. "Waya niliunganisha mimi."

Mashuka aliyoanika Marlys asubuhi ile yalibaki kwenye kamba mpaka theluji ikaanguka. Arvid hakutaka yaanuliwe.

FUNZO

Mwenye lori kuukuu achague pampu aitakayo, ya injini au ya umeme. Lakini ya umeme isifungwe kamwe bila swichi ya kuikata, na swichi ikisumbua, itafutwe sababu, isiondolewe. Tena anayeendesha ndiye asikilizwe kwanza. Arvid aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa petroli, na majuto ni mjukuu.

Mimi nimebana vibanio kwenye bomba la lori letu. Njooni mcheke.