Mifuko Iliyoshonwa Midomo

Maneno yalianzia bombani, na tangu siku hiyo hayakumtoka binti mmoja kichwani.

"Yule fundi cherehani si mama yako mzazi," rafiki yake alimwambia huku ndoo zikijaa. "Mama gani hagombezi, hasifu? Wangu mimi akinyamaza dakika mbili, ujue kalala!"

Wenzao wakaangua kicheko. Binti yule, ambaye mtaani walimwita Kidole kwa wembamba wake, alicheka nao, lakini siku hiyo ndoo ilimshinda kubeba.

Kweli, mama yake alikuwa mtu wa maneno machache. Kila jioni Kidole alimsaidia kushona sare za shule. Akikosea, mama alichukua kitambaa, akafumua, akamrudishia. Hakusema kitu. Akipatia, mama alikunja, akaweka pembeni. Hapo pia hakusema kitu. Lakini mwanafunzi wake wa ushonaji, mtoto wa watu, aliambiwa, "Hapo sawa, endelea." Mbona yeye apate neno na mimi nikose? Kidole aliwaza mpaka akachoka.

Basi akaamua kumpima mama. Jumamosi alipewa sketi sita za kumalizia. Kwa makusudi, akaishona midomo ya mifuko yote ikaziba, hata kidole kisipite. Akikasirika, ni mama yangu, alijisemea. Asipokasirika, walisema kweli.

Mama alizitazama sketi moja baada ya nyingine. Akavuta kiti, akachukua wembe, akaanza kufumua.

"Si unigombeze basi!" Kidole alipaza sauti. "Au kweli mimi si wako?"

Wembe ulisimama. Mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa akinyoosha mashati, aliweka pasi kando.

"Nani kakulisha hayo? Siku unazaliwa nilikuwepo. Ulilia mpaka mkunga akaziba masikio, na kichwa ndicho hicho hicho, kama yai!"

Kidole hakujua acheke au alie.

Mama alisema taratibu, macho kwenye uzi, "Nilikokulia, baba yetu akifungua mdomo ni matusi. Niliapa mwanangu hatayasikia, nikaona heri ninyamaze. Maneno mazuri nayo sikuwahi kuambiwa. Sijui yanaanzia wapi."

"Mbona mwanafunzi wako unamwambia?"

"Yule simwogopi. Wewe nikikosea neno moja, nitakuwa nimekuumiza wewe."

Kidole alichanganyikiwa zaidi. Kumbe kile kimya alichodhani ni chuki kilikuwa woga? Akavuta kigoda, wakafumua pamoja, kisha akaanza kushona upya. Kwenye mfuko wa mwisho mama alikohoa.

"Huu... umenyooka." Akakohoa tena. "Mwanangu."

"Haya, kikohozi hicho kitakuua!" mama mkubwa alidakia, wote wakacheka. Kisha akawageukia. "Mzazi naye alikuwa mtoto wa mtu. Alivyolelewa ndivyo anavyoanza kulea, mpaka atokee wa kumwuliza. Kwa hiyo myaepuke haya:

Kuamini habari za nyumbani kwenu zilizotoka bombani.

Kumpima mzazi kwa kuharibu kazi yake.

Kukaa na swali moyoni mpaka liwe donda.

Na wewe, mdogo wangu: kudhani mtoto anasikia usichomwambia."