Lugha ya Chumba cha Nyuma

Fundi alishuka jukwaani, mwiko bado una saruji mbichi, akamfuata Mgeni kwenye rundo la matofali ya nyumba aliyokuwa akimjengea.

"Mama, mle chumba cha nyuma umemwacha nani?"

"Hamna mtu. Binti yangu yuko nyumbani, mimba inamsumbua."

"Basi kuna mtu anaongea. Na si Kiswahili."

Mgeni akacheka. Alikuwa mkunga, amewapokea nusu ya watoto wa mtaa ule wakizaliwa, lakini bado watu walimwita Mgeni, jina alilopewa siku aliposhuka na mumewe kwenye basi, nalo likamganda. Tangu mumewe afariki, mji mzima haukuwa na mtu hata mmoja wa kuongea naye lugha ya kwao. Binti yao alizaliwa hapa, wakamlea kwa Kiswahili asije akachekwa shuleni. Ya kwao alijua kusalimu na matusi mawili.

"Haya, huyo mtu anasemaje?" aliuliza kwa utani.

Fundi akakunja uso, akarudia alichosikia, kipande kwa kipande, kama anayetafuna mawe. Mgeni akaacha kucheka. Matamshi yalikuwa mabovu, lakini maana ilimfikia: Mwanangu, umekonda.

Aliingia. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha, juu mbingu tupu, chini sakafu iliyomwagwa juzi. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, ya moshi wa kuni za mti usioota nchi hii, kuni alizokuwa akikokea moto mama yake.

Mwenye akili zake angetimua mbio. Yeye aligeuza ndoo, akaikalia, akatoa salamu ya kwao.

Akajibiwa.

Kuanzia hapo, kila alipotoka kazini alipitia kiwanjani. Fundi aliambiwa mama anamwagilia ukuta maji. Kumbe mama alikuwa juu ya ndoo, anapiga soga na sauti ya mwanamke mtu mzima, iliyojua vichekesho ambavyo ukivitia kwenye Kiswahili vinakufa. Alicheka hadi machozi. Alikuwa amesahau kwamba kwa lugha yake yeye ni mchekeshaji. Chakula kikamshinda, mashavu yakaingia ndani, gauni la kazi likawa linamning'inia.

"Mama, kule unaongea na nani?" binti alimuuliza.

"Na nafsi yangu."

"Nafsi yako inakuchekesha hivyo?"

Mama akainuka kuosha vyombo.

Paa likapanda, milango ikatiwa. Sakafu ya chumba cha nyuma bado ilikuwa mbichi. Jua la kupasua kichwa lilikuwa limewaka wiki kadhaa, ila ukikanyaga inabonyea, na asubuhi alama za nyayo hazionekani. Fundi akakusanya vifaa vyake.

"Nyumba nimekumalizia, mama. Ila mimi humo siingii tena. Nisamehe."

Chumba cha kupanga walikuwa wamesharudisha ufunguo. Wakahamia.

Jioni ileile sauti ikabadilika. Haikutania tena. Iliuliza jambo moja tu: Mtoto anazaliwa lini?

Mgeni akakimbilia jikoni. Ikauliza tena, safari hii si chumba cha nyuma, ni ndani ya ukuta wa jikoni. Akawasha redio, akaimba kwa Kiswahili, akasugua masufuria yaliyokuwa safi, nayo ikamfuata polepole kutoka ukuta hadi ukuta, ikauliza nyuma ya kabati, ikauliza chini ya kitanda alichokalia binti akikunja nguo za mtoto bila kusikia lolote, na kila ilipouliza ule moshi ulizidi, mpaka macho yakamwasha na akawa anajifuta kwa upindo wa kanga akimwambia binti kwamba ni vitunguu, vitunguu tu, mwanangu, na nyumba nzima haikuwa na kitunguu hata kimoja.

Siku iliyofuata alirudi mapema kutoka kazini, akamkuta binti amelala chali kwenye sakafu ile mbichi, macho wazi, anaongea lugha ya kwao kwa ufasaha ambao Mgeni mwenyewe hakuwa nao.

"Chumba hiki ni cha mtoto wangu," alikuwa akisema. "Huyu nitamlea mimi."

Na tumbo lilikuwa likisogea kuelekea pale sauti ilipo.

Mganga alifika kwa pikipiki mchana wa mvua, mwanamke mfupi mwenye kikohozi, analaani matope. Aliitazama nyumba kuanzia msingi hadi bati.

"Nyumba nzuri," alisema. "Poleni."

Akamketisha binti kwenye mkeka, akafukiza ubani, akasoma dua zake huku mvua ikipiga bati kama changarawe. Kisha akaamuru: "Toka!"

Mdomo wa binti ukacheka, ukasema jambo.

"Anasemaje?" mganga akamuuliza Mgeni.

"Anasema… hajui Kiswahili."

"Mwongo mkubwa. Haya, kuwa ulimi wangu. Muulize nani kamleta."

Mgeni akauliza kwa lugha ya kwao.

"Ulinisalimu mwenyewe," likajibu jini kwa kinywa cha mwanawe. "Nami nikaitika."

"Anasemaje?"

"Anasema nilimkaribisha."

Mganga akashusha pumzi. "Muulize anataka nini ili aondoke."

"Mikono mitupu sitoki. Nipe mtoto. Au nipe mlango nilioingilia."

"Mlango gani?" Mgeni akauliza.

"Huu tunaopitishia maneno yetu, lugha hii."

Damu ikaanza kumtoka binti puani. Mgeni akaweka kiganja juu ya tumbo na kulikuta limekaza kama ngoma, naye kwa kazi yake aliijua maana ya mkazo ule, na alijua kwamba mtoto hajatimia.

"Mama, anasemaje? Mama!" mganga akapaza sauti.

Mgeni hakumtafsiria. Alimtazama mwanawe usoni, akatamka neno moja la kwao.

"Chukua."

Moshi ukakatika papo hapo. Binti akatapika maji, akaegemea bega la mama yake, akauliza kwa Kiswahili mbona kuna baridi.

"Katoka," mganga alisema, akijifuta jasho. "Mlipatana nini?"

Mgeni akafungua kinywa amweleze. Akatafuta neno la kwao la maji. Halikuwepo. La mama. Halikuwepo. Palikuwa na uwazi tu, kama pengo la jino ambalo ulimi haukomi kuligusa.

Mjukuu alizaliwa salama, miezi ilipotimia, mikononi mwa bibi yake. Majirani walijaa, fundi naye akaja, akala, akaisifu kazi yake mwenyewe.

Asubuhi moja Mgeni alikuwa akimwogesha mtoto simu ilipoita. Alikuwa dada yake mkubwa, kutoka kwao. Alikuwa analia. Mgeni aliibana simu sikioni kwa bega, mikono imejaa povu, akasikiliza kwa nguvu zake zote. Msiba aliutambua, maana kilio hakihitaji mkalimani. Ila hakujua ni wa nani.

"Nani?" aliuliza kwa Kiswahili. "Dada, ni nani?"

Upande wa pili kilio kikakatika kwa mshangao. Kisha dada akaanza kurudia neno moja, lilelile, akiliita kwa upole, tena na tena, kama anayemwamsha mtu. Huenda lilikuwa jina la marehemu. Huenda lilikuwa jina lake yeye.