Wambeti na Mkono Uliovimba

Wambeti alikuwa mkulima wa majani chai huko Kibugu, karibu na msitu wa mlima. Kila asubuhi aliwasha moto, akachemsha chai ya kikombe kimoja, akainywa akiwa amesimama. Mume wake, Ireri, alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Binti yao, Beth, alifanya kazi Mombasa. Alipiga simu kila Jumapili.

"Mama, mkono unaendeleaje?" Beth aliuliza.

"Uko sawa," Wambeti alijibu.

Lakini mkono haukuwa sawa.

Mwaka uliotangulia Wambeti alipatikana na saratani. Alifanyiwa upasuaji. Titi la kushoto lilitolewa, pamoja na tezi za kwapani. Matibabu yalipokwisha, daktari alimwambia saratani haionekani tena. Wambeti alimshukuru Mungu akarudi nyumbani.

Baada ya miezi minane, mkono wa kushoto ulianza kuvimba. Kwanza vilivimba vidole. Kisha kiganja. Kisha mkono wote, mpaka sweta ikakataa kuingia. Wambeti akaanza kuufunika kwa leso. Aliacha kwenda kanisani. Aliogopa watu watasema saratani imerudi. Yeye mwenyewe aliogopa hivyo hivyo.

Jirani yake, Lydiah, alikuja kubisha hodi mara mbili.

"Mama Beth, uko?"

"Niko na homa kidogo, Lydiah. Rudi siku nyingine," Wambeti alijibu akiwa ndani. Hakufungua mlango.

Lydiah hakurudi tena. Siku zikawa ndefu. Mvua ilipiga mabati, na Wambeti akawa anaongea na ng'ombe wake, kwa sababu ng'ombe hakuuliza maswali.

Siku moja, akichuma majani, alikwaruzwa kidole na tawi lililokatwa. Kilikuwa kidonda kidogo tu. Hakukijali.

Jioni hiyo aliona tangazo kwenye simu. Lilisema: "Tunakanda mwili kutoa maji. Uvimbe wote unaisha. Embu mjini." Wambeti alilisoma mara tatu. Siku mbili baadaye alijifunga leso, akashuka mjini. Hakumwambia mtu.

Aliyemfungulia mlango aliitwa Kathure, mwanamke kutoka Meru. Chumba chake kilikuwa kidogo na safi. Kathure alinawa mikono, akaushika mkono wa Wambeti taratibu. Wambeti alifumba macho. Kwa miezi mingi hakuna mtu aliyekuwa amemshika mkono ule. Machozi yalimlengalenga.

Halafu Kathure akasimamisha mikono yake.

"Mama, mkono huu una moto sana. Na ona, ni mwekundu mpaka kiwiko. Umeanza lini kuwa hivi?"

"Jana. Wewe kanda tu."

"Umewahi kufanyiwa upasuaji?"

"Ndiyo. Wa saratani."

Kathure aliuachilia mkono. "Pole, mama. Leo siwezi kukukanda."

Wambeti hakungoja kusikia zaidi. Alijifunga leso haraka akatoka. Aliteremka ngazi akifikiri, "Hata mtu ambaye kazi yake ni kushika watu hataki kunishika." Alikaa kwenye benchi nje ya duka. Watu walipita mbele yake. Jua lilikuwa kali, lakini yeye alitetemeka kwa baridi.

Mara akasikia sauti ya Kathure.

"Mama, sikukufukuza! Nilikuwa natafuta funguo nifunge, ndio nikupeleke hospitali. Umetoka kabla sijamaliza kusema."

"Unanipeleka wewe?"

"Ndiyo. Wewe ni mgonjwa. Simama, nishikilie."

Hospitalini daktari alisema viini vya ugonjwa vimeingia kwenye mkono kupitia kile kidonda kidogo. Wambeti alilazwa siku nne akipewa dawa. Siku ya tatu mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja kumwona. Jina lake lilikuwa Njagi. Kathure naye alikuwa amekuja na uji.

"Mama," Njagi alisema, "mwilini kuna damu, na kuna maji mengine yanaitwa limfu. Maji hayo hupita kwenye mishipa midogo sana, yakichujwa na tezi. Zako za kwapani zilitolewa. Sasa maji yamekosa njia. Yanabaki mkononi."

"Kama mtaro ulioziba," Wambeti alisema.

"Kabisa. Kuna namna ya kukanda inayosaidia maji hayo kupata njia nyingine. Lakini si kila mtu anafaa, na si kila siku. Mkono ukiwa na moto, ukiwa mwekundu, ama mtu akiwa na homa, haukandwi. Ugonjwa unaweza kuzidi. Huyu dada alifanya vizuri kukataa."

Kisha akamgeukia Kathure. "Lakini nimeliona tangazo lako, linasema uvimbe wote unaisha. Hapo ulikosea."

Kathure aliinamisha kichwa. "Nitalifuta."

"Uvimbe una sababu nyingi," Njagi aliendelea. "Mtu mwingine ana damu iliyoganda kwenye mshipa. Huyo akikandwa anaweza kufa. Mwingine ana moyo dhaifu, ama figo zake hazifanyi kazi vizuri. Kumsukumia maji mwilini ni kumwongezea shida. Kwa hivyo kwanza tunatafuta sababu."

Wambeti akauliza, polepole, "Na saratani? Haijarudi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka maneno hayo.

"Hilo pia daktari atapima," Njagi alisema. "Kisha tutajua."

Alipimwa. Saratani haikuwa imerudi. Damu haikuwa imeganda. Moyo na figo vilikuwa sawa. Alimaliza dawa zote, hata baada ya moto kuisha. Wiki tatu baadaye Njagi alisema sasa anaweza kukandwa.

Wambeti alidhani atakandwa kwa nguvu. Lakini Njagi alianzia shingoni, kisha begani, halafu ndipo akaja mkononi. Mikono yake ilivuta ngozi kidogo tu, ikielekea mwilini.

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu. Ukiminya kwa nguvu unaumiza ile mishipa midogo. Na ukikandwa bila kufungwa bendeji, maji yatarudi. Utafanya na mazoezi ya mkono. Ngozi yako uilinde. Ukichuma majani, vaa glavu. Ukijikata, osha mara moja. Ukiona wekundu, njoo siku hiyo hiyo. Uvimbe hautaisha kabisa, mama, lakini utapungua."

Kisha akatoa bendeji. "Hii huwezi kujifunga vizuri kwa mkono mmoja. Nyumbani unakaa na nani?"

"Na ng'ombe."

Njagi hakucheka. "Nani atakufunga?"

Wambeti aliikunja leso yake.

"Mtafute mtu," Njagi alisema. "Mje naye wiki ijayo, nimfundishe."

Siku nne zilipita. Ya tano, Wambeti alienda mpaka langoni kwa Lydiah, akarudi. Akaenda tena. Lydiah alikuwa uani akichambua maharagwe. Alimwona, akaendelea kuchambua.

"Lydiah," Wambeti alisema, "sikuwa na homa siku zile."

Akafungua leso. Lydiah aliutazama mkono. Maharagwe yalimponyoka.

"Mimi nilidhani nimekukosea," Lydiah alisema. "Kila Jumapili nilijiuliza, nilimfanyia nini mama Beth? Ningekuja vipi na mlango umefungwa?"

"Nisamehe. Niliogopa."

"Unataka nini sasa?"

"Nataka unifunge bendeji."

Lydiah alipangusa mikono kwenye aproni. "Unionyeshe namna."

Lydiah alifundishwa. Akawa anakuja kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu. Siku nyingine alikaza sana wakagombana. Siku nyingine hawakuongea, walinywa chai tu. Jioni Wambeti alibaki peke yake, na jioni hizo bado zilikuwa ndefu, lakini alijua kesho mlango utabishwa.

Baada ya miezi mitatu Njagi alipima mkono kwa utepe. Uvimbe ulikuwa umepungua karibu nusu. Lydiah alipiga makofi mpaka wagonjwa wengine wakageuka kutazama.

Walipokuwa wakitoka walimwona mwanamke kijana ameketi mwisho wa benchi. Mguu wake mmoja ulikuwa umevimba sana. Wambeti alisimama.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Watu wameniambia nikandwe, lakini foleni hapa ni ndefu. Nilikuwa nataka niende tu, nimtafute mtu wa kunikanda mjini."

"Usikandwe bado. Mguu ulivimba lini?"

"Juzi, ghafla. Na unauma."

"Basi inaweza kuwa damu imeganda. Daktari akuone kwanza. Leo. Unaitwa nani?"

"Naitwa Wawira."

Lydiah alienda kumwita muuguzi. Wambeti akaketi benchini karibu na Wawira, kungoja naye.